Newgrange: kilima kilichojengwa kwa mikono

Ukiitazama Newgrange kwa mbali, katika bonde la mto Boyne huko Ayalandi, utadhani ni kilima tu kilichoota majani. Kumbe ni kaburi la mawe na udongo, lililojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ya mapiramidi ya Giza. Upana wake ni kama mita 85, na limezungukwa na mawe makubwa 97, mengine yakiwa na nakshi.

Mlango uligunduliwa mwaka 1699, vibarua wakichukua mawe ya kujengea barabara. Yaani kaburi lenyewe lilikuwa limefanywa machimbo!

Ndani mna ujia wa mita 19 hadi chumbani. Juu ya mlango pana tundu. Siku zilizo fupi kabisa za Disemba, jua likichomoza, mwangaza hupenya humo kwa dakika 17 hivi. Profesa Michael O'Kelly aliushuhudia mwaka 1967.

Ukuta mweupe wa mbele, alioujenga upya yeye, ungali unabishaniwa: wako wasemao mawe yale yalitandazwa chini. Kwangu mimi, mgeni aambiwe wazi lipi la kale, lipi la juzi. Wanaotaka kuingia alfajiri hiyo hupigiwa kura.