Sahani ya bati kwenye kamba: Historia ya vita kati ya mabaharia na panya

Meli ikishafungwa gatini na jua likizama, zitazame kamba nene zinazotoka ubavuni mwake hadi kwenye vyuma vya nchi kavu. Katikati ya kila kamba huvishwa sahani ya bati, duara, upana wake karibu sentimita 90. Wapita njia wengi huiona bila kuuliza kazi yake. Kazi yake ni moja tu: kumzuia panya. Usiku panya hutoka mafichoni na kuitembea kamba kama mtu anayekata njia ya kwenda shambani, mkia ukimsaidia asipinduke, mpaka akumbane na bati. Hapo kucha hazina pa kushika. Atainusa, atajaribu kuizunguka, mwisho atarudi alikotoka.

Sahani hiyo haina injini wala sumu, na fundi bati yeyote anaweza kuikata. Hata hivyo, binadamu alihangaika na panya wa vyombo vya baharini kwa karne nyingi, na mamilioni walikufa, kabla bandari nyingi za dunia hazijaifanya kuwa sharti.

Abiria asiyelipa nauli

Panya aliyezoea vyombo kuliko wenzake wote ni panya mweusi. Asili yake ni Bara Hindi na ni hodari wa kukwea: mti, ukuta, mlingoti, kamba, vyote kwake ni njia. Huko Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua mifupa yake katika mabaki ya bandari iliyokuwa ikifanya biashara na Ghuba na Asia tangu karne ya 7 na ya 8. Pepo zilizotuletea shanga na vyombo vya udongo ndizo zilizotuletea na panya huyu.

Chombo cha mbao kilimfaa sana. Ngama, yaani tumbo la chombo, ina giza, shehena ya nafaka ni chakula cha safari nzima, na mianya kati ya mbao ni nyumba tayari. Mimba ya panya haifiki mwezi, kwa hiyo wawili waliopanda bandari moja huweza kushuka bandari nyingine wakiwa ukoo. Njiani hula mchele na mtama, hukojolea wanachokiacha, hutafuna tanga na kamba, hata mapipa ya maji ya kunywa.

Dawa ya kwanza ya mabaharia ilikuwa paka. Watafiti wa vinasaba walionyesha mwaka 2017 kwamba paka wa ukoo wa Misri alifika hadi Ralswiek, bandari ya Waviking kwenye bahari ya Baltiki, takriban karne ya 7. Hakufika huko kwa miguu. Paka mashuhuri zaidi wa baharini ni Simon, wa manowari ya Uingereza HMS Amethyst. Mwaka 1949 manowari hiyo ilipigwa mizinga na kukwama katika mto Yangtze, China, kwa zaidi ya miezi mitatu. Simon, ingawa alijeruhiwa, aliendelea kuwaua panya waliovamia ghala la chakula. Alitunukiwa medali ya Dickin, ya wanyama wa vitani, na hadi leo hakuna paka mwingine aliyeipata. Alifia karantini Uingereza mwaka huohuo.

Lakini paka hana uwezo wa kuingia nyuma ya ubao. Humkamata panya aliyetoka, na kizazi kinachozaliwa ndani ya ukuta kinabaki salama.

Tauni yapanda merikebu

Kwa muda mrefu panya alihesabiwa kuwa mwizi wa chakula tu. Mwaka 1894 tauni ilipoua watu Hong Kong, Alexandre Yersin alikitambua kimelea chake. Miaka minne baadaye, Karachi, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha kwamba ugonjwa huo hutoka kwa panya na kumfikia mtu kwa kuumwa na kiroboto. Wenzake wengi walimpuuza, na ilichukua miaka kadhaa kabla hawajakubali.

Meli za mvuke hazikusubiri wakubaliane. Mwaka 1898 tauni ilishuka Toamasina, Madagaska. Januari 1900 ilifika Sydney, Australia, na mgonjwa wa kwanza alikuwa mtu ambaye kazi yake ilimpeleka gatini. Katika mlipuko huo watu 303 waliugua na 103 wakafa. Mganga mkuu wa huko, John Ashburton Thompson, aliona kuwa panya walitangulia kufa kabla ya watu, akawa miongoni mwa wa kwanza kumuunga mkono Simond. Mwaka 1902 ugonjwa ulizuka Nairobi, kwenye soko la Wahindi, na wakuu wa afya wakaamuru soko lichomwe moto.

Nairobi ilijengwa upya. Madagaska haijapona mpaka leo. Tauni iliyoshuka Toamasina ilipanda milimani, ikakaa kwa panya wa vijijini, na mlipuko wa mwaka 2017 uliua zaidi ya watu 200. Mlango ukiachwa wazi mara moja, wajukuu wa wajukuu hulipa.

Zama za moshi

Dunia ilijibu kwa moshi. Mkataba wa Paris wa mwaka 1903 ulikubali rasmi kwamba panya wa melini ni hatari kwa afya. Bandari kubwa zilinunua mitambo ya Clayton, ambayo huchoma salfa na kusukuma moshi wake kwa mabomba hadi ndani ya ngama. Moshi huo uliua panya, lakini pia uliharibu unga na chai na kutia kutu kwenye chuma. Ikafuata gesi ya sayanidi, yenye nguvu zaidi na isiyoharibu shehena. Mabaharia wote walilazimika kushuka, na meli ikaachwa wazi ipigwe na upepo kabla ya mtu kurudi. Gesi hiyo haina harufu kali ya kumshtua mtu, na baadhi ya waliowahi kurudi vyumbani mwao walikufa.

Mwaka 1926 mkataba mpya uliotiwa saini Paris ulizitaka meli za kimataifa kuwa na cheti cha kuonyesha kwamba zimeuliwa panya, au zimekaguliwa na kukutwa hazina, na cheti hicho kirudiwe kila baada ya miezi 6. Hapo ndipo mkaguzi alipopata heshima yake. Huingia ngama na tochi na kuinama. Kinyesi cheusi, laini, kinachong'aa ni cha usiku wa jana. Kilichokauka na kupauka ni cha zamani. Michirizi ya mafuta kwenye bomba ni barabara ya panya, kwa sababu manyoya yake huacha weusi kila anapopita palepale.

Wakaguzi ndio waliogundua kwamba meli iliyofukizwa leo hujaa tena iwapo maficho yamebaki. Miaka ya 1920, maofisa wa afya wa Marekani mjini New York walianza kuwashauri wenye meli waondoe kuta mbilimbili, wazibe kwa bati matundu ya mabomba, na wasiache pembe isiyofikiwa na ufagio. Meli zilizojengwa hivyo hazikuwa na pa kumficha panya. Sahani kwenye kamba ilimzuia kupanda, na ukuta usio na mwanya ukamnyima pa kuzalia. Sumu na gesi zikabaki kuwa silaha za akiba.

Gharama ya uzembe

Kisiwa cha Lord Howe, mashariki ya Australia, kinatufundisha kwamba tauni si hasara pekee. Juni 1918 meli Makambo ilipanda mwamba huko na kukaa siku kadhaa ikitengenezwa. Panya walishuka. Ndani ya miaka michache aina tano za ndege zilitoweka kisiwani. Mdudu mkubwa mwenye umbo la kijiti, asiyeruka, alidhaniwa naye amekwisha, mpaka mwaka 2001 wachache walipokutwa kwenye mwamba uliosimama peke yake baharini. Kazi ya kuwafuta panya kisiwa kizima ilikuja kufanyika mwaka 2019, miaka 101 baada ya ajali.

Karibu na kwetu, Kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, kilisafishwa panya mwaka 1997 ili kulinda ndege na kaa wa minazi. Usafi huo unategemea kila mashua inayotia nanga pale.

Tangu mwaka 2007, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za Shirika la Afya Duniani, cheti cha panya kimekuwa sehemu ya cheti cha afya ya meli, na muda wake bado ni miezi 6. Meli kubwa zina sheria na wakaguzi. Majahazi na mashua zinazobeba mchele, unga na mahindi kati ya bandari zetu ndogo zinawategemea manahodha wao. Kwa hiyo nahodha, kagua magunia kabla hayajapanda. Ziba matundu ya ngama kwa bati, maana kitambaa kitatafunwa. Fagia nafaka zilizomwagika kabla ya usiku. Vua ubao wa kupandia kukiwa hakuna anayeutumia, na uvishe kamba zako sahani. Panya anayezuiwa kupanda hahitaji kuuawa.