Mtoto anatambua hesabu tangu lini?

Mara nyingi tunasema: mtoto mchanga hajui kitu. Wenye elimu nao walidhani karibu hivyo.

Mwaka 1941, Bwana Jean Piaget wa Geneva, katika Uswisi, pamoja na Bibi Alina Szeminska, walitoa kitabu juu ya watoto na hesabu. Walipanga vitu mistari miwili, idadi sawasawa, kisha wakatanua mstari mmoja. Watoto wa miaka 4 au 5 walijibu kwamba mstari mrefu una vitu vingi zaidi. Basi Piaget akaona kwamba mtoto hafahamu idadi kwelikweli mpaka afike karibu miaka 7.

Mwaka 1992, Bibi Karen Wynn wa Marekani aliwajaribu watoto wa miezi 5, wasiojua kusema. Waliona sanamu moja ya kuchezea ikifichwa nyuma ya kizuizi, halafu mkono ukaongeza ya pili. Kizuizi kilipoondolewa, kama sanamu ilibaki moja tu, watoto waliikazia macho muda mrefu kuliko walipoona mbili. Kumbe walingojea mbili!

Piaget hakusema uwongo: yeye aliuliza kwa maneno, Bibi Wynn aliuliza kwa macho. Idadi ndogo mtoto anaitambua mapema. Majina ya hesabu huyapokea baadaye kwetu.

Kwa hiyo, sisi wazazi na walimu, mtoto akikosa jibu tusimwite mjinga upesi. Tumpe mbegu za mahindi mkononi, tumwulize tena. Labda ni swali letu lililokosa njia.