Darubini ya mota kwa sisi wa Pwani: mambo ya kujua kabla ya kutoa pesa

Miaka kadhaa iliyopita, jioni ya tarehe 29 Shaabani, nilipanda juu ya paa la zege la nyumba yetu hapa Mombasa na darubini yangu mpya. Watoto wa mtaa walinifuata, na mzee jirani akaja na kiti chake kabisa. Nilikuwa nimewaahidi kwamba mashine hii itautafuta mwezi yenyewe. Jua lilipotua nikafungua kitabu cha maelekezo, na hatua ya kwanza ikanitaka nielekeze darubini kwenye Nyota ya Kaskazini.

Nyota hiyo, ambayo manahodha waliijua kwa jina la Jaa, haionekani Mombasa. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo yenyewe iko chini ya upeo wa bahari usiku kucha, mwaka mzima. Nikawa nahangaika na vibonyezo hadi mzee akaniambia, "Mwanangu, mwezi mimi nishauona. Sasa watua."

Kosa lilikuwa langu, kwani nilinunua bila kuuliza. Naandika haya kwa sababu nasikia vijana na hata kamati za misikiti wakichangishana wanunue darubini za kompyuta, na sipendi pesa zao ziende zilikokwenda zangu.

Darubini ya mota ina sehemu mbili: bomba la vioo, na kichwa chenye mota kinachokaa juu ya miguu mitatu. Watu huangalia bomba, lakini kazi yote iko kwenye kichwa. Kwa vile dunia inazunguka, anga husogea nyuzi 15 kila saa, sawa na nyuzi 1 kwa dakika 4. Mota huzungusha bomba kwa mwendo huo huo ili nyota isikimbie. Vichwa ni vya aina mbili. Kimoja hugeuka kushoto na kulia, juu na chini, kama shingo ya mtu. Cha pili kina mhimili unaolazwa sambamba na mhimili wa dunia, na ndicho wapiga picha wa Ulaya na Marekani wanachokisifu. Kwetu mhimili huo unatakiwa uinuke nyuzi 4 tu, karibu ulale kabisa. Vichwa vingi vya aina hii vimetengenezewa nchi za mbali na ikweta. Vingine haviteremki chini ya nyuzi 10, vingine 15 au 20. Ukikilazimisha, uzani wake hugonga mguu wa mbele. Changu kilikuwa hicho. Kwa anayetaka kutazama mwezi na sayari, nasema anunue aina ya kwanza.

Anayetaka picha ndefu za nyota bado atahitaji aina ya pili, na hapo programu humwokoa. Kamera hupiga picha ya kipande chochote cha anga, kompyuta inalinganisha mpangilio wa nyota na orodha iliyo nayo, kisha inakwambia darubini inatazama wapi hasa. Kwa picha tatu za namna hiyo inaweza kukuelekeza urekebishe mhimili kiasi gani, bila wewe kuiona Jaa wala ncha ya kusini. Kazi hii hufanywa na Ekos, iliyo ndani ya programu ya KStars, na pia N.I.N.A. ya Windows. Zote ni za bure. Ekos ni kazi ya Jasem Mutlaq wa Kuwait, na hufanya kazi hata kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani. Ili programu izungumze na mota, kwenye Windows unaweka ASCOM. Kwenye Linux ni INDI.

Lakini ukiwa huna hata senti ya darubini, weka Stellarium, ambayo pia ni bure. Mwambie uko Mombasa au Lamu, weka tarehe na saa ya kutua jua, nayo itakuonyesha mwezi uko nyuzi ngapi juu ya upeo, na uko kushoto au kulia kwa mahali jua lilipozama. Hapa kwetu mwezi hushuka karibu wima. Ukiwa nyuzi 8 juu wakati wa magharibi, una kama nusu saa hivi ya kuutafuta. Kuna pia Accurate Times ya Mohammad Odeh, mkuu wa Kituo cha Kimataifa cha Falaki kilichoko Abu Dhabi, inayopiga hesabu ya nyakati za swala na ya uwezekano wa mwezi kuonekana.

Tatizo la magharibi ni kwamba mota hutaka kuonyeshwa nyota ndipo ijue iko wapi, na wakati huo nyota hazijatoka. Dawa yake ni kuitega darubini usiku wa kuamkia tarehe 29, kuipa amri ya kulala, kuifunika, na kutoiguza mpaka kesho yake. Ukiiwasha, inakumbuka. Mtoto akiugonga mguu mmoja, umerudi mwanzo. Betri ya gari ya volti 12 iwe karibu, maana stima zetu mwazijua.

Jambo la jicho silifanyii mzaha. Mwezi mwandamo uko nyuzi chache tu kutoka kwenye jua, na mota haina huruma: ukiiamuru ipite juani, itapita. Jua kupitia darubini hupofua papo hapo. Ngoja lizame lote. Mwaka 2013 Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi mchana, katika dakika ile ile ya kuzaliwa kwake, ukiwa nyuzi 4.4 tu kutoka kwenye jua, lakini alitumia kamera na kizuizi maalumu cha jua. Jicho lake halikuwa kwenye kioo.

Najua swali linalokuja. Mimi si mwanachuoni, na uamuzi wa mwezi una wenyewe. Rai yangu ni kwamba programu haitoi ushahidi. Humwambia shahidi atazame wapi. Ila ikionyesha mwezi ulitua kabla ya jua, ni haki kumuuliza aliyesema ameuona, aliuona upande gani na pembe zake zilielekea wapi.

Mwisho, chumvi. Hewa yetu huotesha ukungu ndani ya vioo na kutu kwenye skrubu. Usiiache darubini juu ya paa baada ya kazi. Iteremshe, iache wazi ndani ya nyumba mpaka umande ukauke, kisha ifunge ndani ya sanduku lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vya kwangu navikusanya kwa muuza viatu, na hajawahi kunidai kitu.