Ordinatere ya zamani nyumbani: kuweka sisteme gani bila kupoteza makuta?

Ordinatere nyingi za okaziyo zinazouzishwa katika miji ya mashariki, zile zinazoingilia Kasindi ao Ruzizi, bado zinatumika na Windows 10. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisimamisha msaada wa kawaida wa sisteme hiyo iliyotoka mwaka 2015. Mashini haizimiki juu ya hiyo. Inawaka, maandishi yanafunguka, filme zinacheza. Kinachokosekana ni marekebisho ya usalama, yale watu wanaita mizajuru: kila tundu jipya ambalo wezi wa intaneti wanagundua linabaki wazi.

Sisteme ni ile programu kubwa inayoamsha ordinatere na kuunganisha klavye, ekra, diski na programu zingine zote. Bila yake mashini ni sanduku tu. Ndiyo maana mafundi wanaanzia pale, na ndiyo pale pia wenye mashini wengi wanapoteza makuta.

Kupanda kwenye Windows 11 siyo kwa kila mashini. Inaomba memware ya giga 4, diski ya giga 64, kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesere isiyo ya zamani. Kwa zile za Intel, kizazi cha 8 kwenda mbele. Kizazi kinajulikana kwa namba inayofuata alama ndogo: i5-6200U ni kizazi cha 6, haikubaliki, i5-8250U ni cha 8, inapita. Afazali namba hiyo iangaliwe dukani, mbele ya kulipa. Na giga 4 ni kwa kuingia tu. Mwenye kufungua kurasa nyingi za intaneti ataona mashini inavuta miguu. Lisansi ya Windows 11 ya nyumbani, huko Marekani, inauzishwa dola 139, bei inayoweza kukaribia ile ya ordinatere yenyewe ya okaziyo.

Kwa hiyo fundi wa kartie anaweka ile ya wizi, kwa dola kidogo. Watu wanaiona kama bei nzuri. Lakini programu inayovunja lisansi mara nyingi inaomba kwanza dawa ya virusi izimwe, na hapo ndipo virusi vyenyewe vinapitia. Mwanafunzi anaweza kuamka asubuhi na kukuta TFC yake haifunguki tena, na kopi nyingine hana.

Kuna njia ya bure na isiyo ya wizi: Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, na leo inatoka katika sura nyingi. Ubuntu ilianza mwaka 2004, ikaanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Jina lenyewe ni ndugu ya neno letu "utu". Kwa mtu aliyezoea Windows, Linux Mint ndiyo nyepesi zaidi kuelewa: menyu iko chini kushoto, pale pale. Ile inayoitwa Xfce inatosheka na memware ya giga 2, lakini 4 ni vizuri zaidi, na diski ya giga 20. Inasema Kifaransa, inakubali klavye ya AZERTY, na inakuja na Firefox pamoja na LibreOffice ya kuandikia.

Shida ya kwetu ni mega. Fichie ya kuweka inakaribia giga 3. Lakini inashushwa mara moja tu, na sheria inaruhusu kuipitisha kwa flashi toka mutu mumoja hadi mwingine, kartie nzima.

Mbele ya kuweka chochote, inaweza kujaribiwa kupitia flashi ya giga 8 bila kugusa diski. Hapo waangalie wifi, sauti na hasa imprimanti, kwani kuna zingine zinazokataa. Mwenye kufanya hesabu za kampuni na Sage, ao picha na Photoshop, abaki kwenye Windows. Programu hizo hazikutengenezwa kwa Linux. Maandishi ya Word yanafunguka, ila tablo zinaweza kusogea kidogo. Kazi ya kupelekea profesere itumwe kwa PDF.

Siku ya kuweka, fichie zote ziwe zimekopiwa kwanza kwenye diski nyingine, kwani kuchagua "kufuta diski" kunafuta kweli kweli, picha za arusi pamoja. Batri ijae: kuran ikikatika katikati, sisteme inabaki nusu na mashini haiwake. Fundi analipwa kwa saa zake, siyo kwa Linux yenyewe. Akiomba makuta ya "lisansi ya Linux Mint", hiyo lisansi ya kununua haiko.