Hiyo Gari Utaiuzia Nani?

Weka mtandaoni picha ya gari unayoitamani, halafu hesabu dakika. Peugeot, Suzuki Swift ya gia za mkono, Honda ya rangi ya machungwa, chochote ambacho si Toyota nyeupe. Komenti ya kwanza itakuja bila hata salamu: "Spea utatoa wapi?" Ya pili haikawii: "Na hiyo gari utaiuzia nani?"

Tucheki hilo swali la pili polepole. Msee hajanunua gari bado. Hajaiendesha hata kilomita moja. Na tayari tunamuuliza kuhusu mtu mwingine kabisa, mgeni asiyemjua, atakayekuja kuinunua miaka minne ijayo. Huyo mgeni ndiye tunamchagulia gari, rangi na saizi ya injini. Mwenye pesa yake anabaki kuwa dereva wa kupokezana zamu.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usitarajie tasnifu hapa. Lakini hilo swali lina historia, na ukiijua utaacha kudhani Wakenya walizaliwa wakiliuliza.

Kwanza neno "mpya", kwa sababu hapo ndipo tunawachanganya watu wa nje. Kenya mtu akikwambia amenunua gari mpya, mara nyingi anamaanisha ilishuka melini Mombasa juzi. Plate ni namba D, viti bado vinanukia sabuni ya yadi, na ameshaposti. Lakini hiyo gari ina miaka saba. Kuna mtu aliipeleka watoto shule nayo, akaichoka, akaiuza. Upya wake ni wa huku kwetu tu.

Sehemu nyingine mambo yalienda tofauti. Henry Ford alitoa Model T mwaka 1908, na kuanzia 1914 hadi katikati ya miaka ya 1920 rangi ilikuwa moja, nyeusi. Bei ikaporomoka kutoka zaidi ya dola 800 hadi chini ya dola 300. Mpango ulikuwa wazi: usichague, ulipe kidogo. General Motors chini ya Alfred Sloan ikafanya kinyume. Ikapanga gari zake kama ngazi, Chevrolet chini na Cadillac juu, na rangi za kila aina. Watu wakahamia huko, na 1927 Ford akaifunga Model T. Tangu hapo Mmarekani akienda kununua gari, kuchagua injini, kiti na rangi ni nusu ya raha yenyewe.

Sisi hatukupitia hiyo njia. Mwalimu wetu alikuwa matope.

Mwaka 1953 wakoloni walitaka kusherehekea Malkia Elizabeth II kuvishwa taji, wakaanzisha mbio za East African Coronation Safari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Kitu ninachokipenda kuhusu mbio hizo ni kwamba gari ziligawanywa kwa bei ya shorumu. Sikiza vizuri: bei. Zilikuwa gari za kawaida, zile zile zinazouzwa mjini, zikapelekwa kwa vumbi, mito na mashimo kuona ipi itarudi. Ukiona gari imerudi, unaweza kwenda kuinunua Jumatatu. Kama ulikuwa na uwezo, bila shaka, na wakati huo wenye uwezo walikuwa Wazungu, Wahindi na Waafrika wa kuhesabika kwa vidole. Wengine walikuwa kando ya barabara wakitazama. Lakini kutazama pia ni shule, na darasa hilo lilikuwa la bure.

Pasaka ya 1963, miezi michache kabla ya uhuru, mvua ilinyesha vibaya. Gari 84 zilianza. Zikamaliza 7. Manze, saba. Iliyoshinda ilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. 404 ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, na huo mwaka wa 1968 waliomaliza walikuwa saba vilevile. Sasa jiweke kwa viatu vya mwalimu ama mfanyabiashara wa Nakuru mwaka 1969, ndiyo mara ya kwanza anashika pesa ya gari. Unadhani anauliza nini? Anauliza, itafika? Na jibu ameliona kwa macho yake.

Ndiyo maana Peugeot ikawa gari ya watu wazito hapa. 404 na baadaye 504, zile ndefu za kubeba abiria, zilikimbia safari za mbali mpaka watu wakaacha kusema wanapanda gari, wakawa wanasema wanapanda Peugeot. 504 ilishinda Safari 1975, ikarudia 1978, na iliunganishwa hapa hapa Kenya. Kwa hivyo gari ambayo leo ukiitaja wasee wanakuombea dua, ndiyo ambayo babu yako aliichagua kwa sababu ilikuwa salama kuliko zote. Chuma hakikubadilika tabia ghafla. Kuna vitu vingine vilibadilika, tutafika.

Kabla ya hapo, Joginder Singh. Huyu alikuwa fundi Mkenya, na 1965 alishinda Safari na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544. Hiyo Volvo ilikuwa mtumba. Ilikuwa imeshashiriki Safari ya mwaka uliotangulia mikononi mwa timu ya kiwanda, ikachoka, wenyewe wakaiachilia. Joginder akaichukua, akaikoroga kwa mikono yake, akawashinda watu wenye gari zisizo na mkwaruzo. Kama unatafuta mtakatifu wa kila kijana anayenunua gari ya kurithi na kuijenga upya Grogan, ni huyo. Sijui kwa nini hatumchori kwa matatu.

Halafu Wajapani wakaingia. Datsun ilishinda 1970, 1971 na 1973, kisha Shekhar Mehta akachukua nayo miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Joginder naye alishinda 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Toyota ikaanza zamu yake 1984 na Celica, na 1993 ikashika nafasi ya kwanza mpaka ya nne. Hapo lazima nikuharibie raha kidogo: kufikia wakati huo gari za mashindano hazikuwa tena za shorumu. Celica iliyoshinda na Corolla ya jirani yako ziligawana jina na si mengi zaidi. Lakini sifa haisomi karatasi za kiufundi. Toyota ikapata jina, na jina likashuka mpaka kwa gari ndogo kabisa. Subaru vilevile: watu wazima bado wanakumbuka Patrick Njiru na ile Vivio ya 1993, gari ya saizi ya friji.

Mercedes ilikuwa hadithi tofauti. Ile iliwahukumu watu badala ya watu kuihukumu, mpaka Afrika Mashariki ikapata kabila jipya, Wabenzi. Sitakaa hapo.

Na kulikuwa na Nyayo. Mwaka 1986 Moi aliwaambia watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari ya Kenya, hata ikiwa mbaya, hata ikiwa polepole. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa Kasarani. Zikatengenezwa chache za majaribio, pesa ya kiwanda haikupatikana, stori ikaisha. Tunaicheka mpaka leo. Mimi huona kitu kimoja: ndiyo mara pekee serikali yetu iliwahi kuuliza gari ya hapa inafaa kuwa vipi, badala ya kuuliza imeingia na ushuru ngapi.

Sasa miaka ya 1990, ambapo swali lenyewe liligeuka. Kabla ya hapo kuleta gari kulihitaji leseni na dola za kuombaomba, kwa hivyo wengi walinunua zilizounganishwa hapa. Soko likafunguliwa, na gari zilizotumika Japani zikamiminika. Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia, hakuna cha kubadilisha. Na kwao kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: gari ikiwa mpya inapewa miaka mitatu, baada ya hapo ni kila miaka miwili, na si bei rahisi. Mtu anaona heri auze. Gari inaenda mnadani, inapewa karatasi ya gredi, 4.5, 4, 3.5, ama R ikiwa iligongwa ikarekebishwa. Leo kuna vijana Umoja wanasoma hizo karatasi kuliko walivyowahi kusoma kitabu cha shule. Nawaheshimu kabisa.

Lakini elewa maana yake. Aliyeingia shorumu, akachagua rangi, akasema nataka hiki kiti, sitaki ile kamera, hakuwa wewe. Alikuwa mzee wa Nagoya. Ladha yako ya gari imechujwa na mtu usiyemjua, miaka saba kabla hujawa na doo. Ushahidi uko ndani ya gari yenyewe. Redio ya Japani kiasili huanza 76 na kuishia 90, kwa hivyo stesheni zako nyingi haishiki mpaka ununue kale kakifaa ka kupanua. Ramani inadhani uko baharini. Na ukiwasha gari, mwanamke wa ndani ya dashibodi anakukumbusha kwa Kijapani kwamba hujaweka kadi ya ETC. ETC ni ya kulipia barabara kuu za Japani. Wewe uko Rongai.

Mfano mtamu zaidi ni Probox. Toyota waliitoa 2002 kama gari ya kazi, ya wale wauzaji wa kampuni wanaozunguka siku nzima na sampuli nyuma. Ina hata kameza kadogo ka kuvuta hapo mbele, ka kuwekea chakula ama karatasi. Kila kitu kilipimwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye tai. Sisi tukaiweka spring za nguvu, tukapakia miraa, tukapakia watu tisa na mbuzi. Hatukuweza kuchagua kabla, tukachagua baada. Kama kuna ubunifu wa magari Kenya ninaoweza kuutetea popote, ni huo. Shorumu yetu ni kwa fundi.

Sheria nazo zikaongeza kuta. Kuanzia kiwango cha KEBS cha mwaka 2000, gari isizidi miaka minane: 2025, kwa mfano, iliyoruhusiwa ni iliyosajiliwa mara ya kwanza 2018 kuja juu. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1500, ukivuka hapo ni 25 na zaidi. Unashangaa kwa nini kila mtu anataka 1500? Ni hesabu tu. Na milango ikiwa miembamba hivyo, wote tunapitia pale pale, tunanunua gari zilezile, spea zake zinajaa, mafundi wanazizoea, bei yake haianguki, kwa hivyo tunazidi kuzinunua. Peugeot haikushindwa barabarani. Ilikosa kuwa kwa hiyo meli.

Hapo ndipo "itafika?" ilikufa na "utaiuzia nani?" ikazaliwa. Zote zinafika sasa. Kilichobaki kuogopa ni pesa kupotea.

Na sitawacheka wanaoogopa. Kwa familia nyingi gari ndiyo akiba. Ikija karo ama bili ya hospitali, gari ndiyo inauzwa kwanza, kabla ya shamba, na inabidi iuzike wiki hiyo hiyo. Mwenye Fielder anapata mnunuzi kabla ya jioni. Mwenye Alfa Romeo anapata pole. Mathe anayekuambia chukua nyeupe hajakosa ladha, amekaa kwa hospitali akisubiri simu ya broka.

Shida yangu ni na sisi, mbogi ya wanaojiita wapenzi wa magari. Tumechukua hofu ya mathe tukaivalisha nguo za utaalamu. Msee hajawahi kushika usukani wa Peugeot, hajui hata bei ya breki pedi zake, lakini ana uhakika. Tukiulizwa gari nzuri ni gani tunajibu gari inayouzika, kana kwamba ni kitu kimoja. Mobius walijaribu tena kutengeneza gari ya barabara zetu, wakaondoa mbwembwe, wakainua chini. Tuliicheka sura yake kwa bidii ya ajabu, na Agosti 2024 waliposema kampuni inafungwa, kisha siku chache baadaye ikapata mnunuzi, tulikuwa tumeshatengeneza meme. Ni wangapi kati yetu waliwahi kukaa ndani yake?

Halafu cheki kinachoendelea na Nissan Leaf. Ni ya umeme, imetumika Japani, na kwa dashibodi kuna vimstari 12 vya kuonyesha afya ya betri. Mzee wa Nagoya ameshakula vitatu. Karatasi ya mnada, gredi, mileji, vyote tulivyojifunza kusoma kwa miaka thelathini havikuambii hicho kitu vizuri. Wasee wameanza kuulizana vimebaki vingapi, na vinatosha kutoka Nairobi mpaka Nakuru na kupanda ule mlima wa kurudi. Yaani wanauliza kama itafika.