Mapine ya zamani na plastiki: vinachanganywa namna gani, na vinatoa nini?

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, pine ya gari ikizeeka haitupwi mara moja. Mafundi wanaikata na kutoa viatu, kamba za kufungia mizigo na mipira ya kuvalisha magurudumu ya chukudu. Lakini mapine mengine yanabaki nyuma ya magaraji, yanajaa maji na kuzaa mbu, ao yanachomwa. Plastiki nayo inajaa mitaroni. Huko Bukavu, chupa zinazobebwa na mvua zinaingia Ziwa Kivu, zinafuata maji na kusumbua mitambo ya umeme ya Ruzizi. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza na kuuzisha mifuko ya plastiki, lakini sashe zingali sokoni.

Ndiyo maana wengi, zaidi vijana, wanauliza: taka hizi mbili haziwezi kuunganishwa na kutoa kitu cha kuuzisha? Zinaweza. Lakini haiko kazi ya pipa na moto wa kuni.

Pine haiyeyuki

Mwaka wa 1839, Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, unapata nguvu na unaendelea kuvutika. Salfa inafunga nyuzi za mpira kama mafundo ya wavu. Kwa sababu ya mafundo hayo, pine inavumilia joto na mawe ya barabara. Lakini moto hauyafungui tena: pine inaungua, haiyeyuki.

Plastiki ya bidoni iko tofauti. Inayeyuka karibu na nyuzi 130 za joto, ikipoa inakuwa ngumu, na kazi hiyo inaweza kurudiliwa.

Kwa hiyo, katika mchanganyiko, plastiki ndiyo inayeyuka. Mpira unabaki punje ndani yake, kama changarawe ndani ya beto.

Kazi ya kiwandani

Kwanza pine inakatwa vipande na kusagwa. Sumaku inatoa nyaya za chuma, upepo unatoa nyuzi za kitambaa. Viwanda vingine vinagandisha mpira kwa nitrojeni ya majimaji ili uvunjike kama kioo. Kisha unga wa mpira na plastiki vinaingia katika mashini yenye skurubu kubwa inayozunguka ndani ya bomba la moto, mfano wa mashini ya kusagia nyama. Joto linapimwa muda wote.

Shida kubwa ni kushikamana. Punje zikiwa kubwa, plastiki haizishiki vizuri, na kitu kinapasuka pale pale zilipo. Mpira ukizidi, uzaifu unazidi pia. Dawa zake ni tatu: kusaga unga laini sana, kutia kemikali ya kuunganisha, ao kufungua kwanza sehemu ya mafundo ya salfa.

Plastiki gani?

Hapa wengi wanakosea. Chupa ya maji ya kunywa, yenye namba 1 chini yake, inaomba karibu nyuzi 250 ili iyeyuke. Mbele ya kufika huko, mpira umekwisha kuharibika. Plastiki zinazofaa ni zile za bidoni, vifuniko vya chupa, sashe na mabeseni: namba 2, 4 na 5.

Kama namba haionekani, kata kipande kidogo, kioshe, kitie ndani ya maji. Plastiki inayofaa kwa kawaida inaelea, ya chupa ya maji inazama. Povu nyeupe ya kufungia televizyo inaelea pia, lakini usiichanganye. Mabomba ya maji yenye namba 3 yanazama, na yakipashwa moto sana yanatoa hewa yenye asidi inayochoma macho na mapafu.

Kunatoka nini?

Mchanganyiko mzuri unatoa vitu vinavyovumilia maji na kugongwa: mikeka ya mabanda ya ng'ombe, vigae vya chini, matuta ya kupunguza mwendo wa magari, nguzo fupi za lupango. Haufai kwa sahani, kwa vyombo vya kuwekea maji ya kunywa, wala kwa mti unaobeba paa la nyumba.

Mbele ya kutoa makuta

Mutu akileta mashini ao mradi wa namna hii, kikundi kimuulize maswali matatu. Unga wa mpira uko laini kiasi gani? Joto linapimwa na nini? Mpira unashikaje na plastiki? Kisha aonyeshe kipande kilichokwisha kutengenezwa, na kikunjwe mbele ya wote. Kikikatika na punje zikitoka mkononi, heri kuchunga makuta.

Asiye na mashini asijaribu pipani. Joto la kuni halina kipimo, moshi wake una sumu, na pine ikiisha kuwaka ni vigumu kuizima. Kazi ambayo kila mutu anaweza kuanza nayo ni kuchagua plastiki, kuiosha na kuitenga kwa namba, kwani kiwanda kinaomba plastiki iliyo safi na ya aina moja. Na pine inayokatwa kwa kisu kuwa kiatu imekwisha kupata kazi mpya, bila moshi wowote.