Mikono mirefu na upinde wa makapi

Nimekaa kimya muda mrefu, kazi za zamu mnazijua wenyewe. Wengi mnauliza habari za mpwa wangu na mishale yake, na anayeongoza ni dada yangu: "Kwani huko hakuna mpira?" Mpira upo dada, ila mwanao kapenda upinde. Ngoja nieleze, maana kisa chenyewe kina historia ya jimbo hili hili.

Zamani upinde haukuwa na ugomvi na mkono wa mtu. Ukiwa mrefu, unachonga upinde mrefu, basi. Pale Portsmouth, Uingereza, zipo pinde 137 nzima zilizopatikana ndani ya meli Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na mabaki yake kuibuliwa 1982. Nyingi ni ndefu kuliko mtu, karibu mita mbili. Kwetu Afrika Mashariki Waata wa Tsavo waliwinda tembo kwa pinde ngumu kweli kweli. Shida ilikuwa moja tu: kadiri unavyovuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na uzito wote unakukuta pale pale unapotaka kutulia ulenge.

Ndipo akatokea Holless Wilbur Allen, mtu wa hapa hapa Missouri. Alikata ncha za upinde akafunga makapi. Siri ni kwamba tundu la kapi halikutobolewa katikati, limekaa pembeni, kwa hiyo likizunguka uzito unapanda, halafu mwishoni unashuka. Pinde nyingi za leo hupunguza asilimia 75 hadi 85. Upinde wa pauni 60 unaushikilia kama pauni 12 hivi! Allen aliomba hataza mwaka 1966 akaipata Desemba 1969, na Tom Jennings wa California ndiye aliyeanza kuzitengeneza kwa wingi.

Lakini kuna gharama. Kapi likimaliza mzunguko wake, upinde unagoma, huwezi kuvuta hata nukta zaidi. Yaani tangu Allen, upinde una kipimo chake wenyewe, na wewe lazima ulingane nao. Hapo ndipo tulipoumia.

Kijana ana miaka 17, urefu futi sita na inchi tano. Mimi kwa kubana matumizi nikamnunulia upinde uliotumika, unaoishia inchi 30. Miezi miwili mishale ilikwenda kila mahali isipokuwa kwenye shabaha. Kiwiko amekikunja kama anabeba ndoo, bega liko juu. Wenzake wakamcheka, jioni moja akaniambia, "Mjomba, uza tu, mimi mwili wangu haufai." Lile neno liliniuma, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Nikampeleka dukani kwa mzee mmoja wa makamo. Akamwambia anyooshe mikono, akapima ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: inchi 80. Ukigawa kwa 2.5 unapata 32. Ni makadirio tu, kisha unarekebisha mtu akiwa ameshika upinde. Inchi mbili nzima zilikuwa zinakosekana!

Akatufundisha mengine. Tusichukue upinde mfupi, hata kama makapi yake yanafika 32, kwani ukivutwa uzi unakunjika pembe kali na kukaa mbali na pua na jicho. Yeye alitaka inchi 35 au zaidi kutoka ekseli ya juu hadi ya chini. Mshale nao uwe mrefu, na kwa kuwa mrefu hupinda zaidi, uwe mgumu zaidi. Mfupi mno ni hatari, unaweza kudondoka nyuma ya kiegemeo ukaumiza mkono. Tena mwendo unaoandikwa kwenye matangazo hupimwa kwa mvuto wa inchi 30 na pauni 70, kwa hiyo mwenye mvuto wa 32 anasukuma mshale kwa muda mrefu zaidi na hana haja ya upinde mzito. Tulichukua wa pauni 50.

Jumamosi iliyopita alipiga mishale sita, mitano ikaingia kwenye njano. Sasa anazungumzia Los Angeles 2028, ambako upinde wa makapi umepangwa kuingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Nimemwambia amalize hesabu kwanza.

Dada, picha nakutumia. Bibi usimwonyeshe ile ya kijana akiwa amevuta, hatalala.